Sanduku la Mbaruku

Hapa Dunda tulimcheka sana Mbaruku bin Majaliwa. Wenzake walivua au kuangua nazi, yeye alipita nyumba hadi nyumba akiuliza nani ana makaratasi ya zamani. Alitaka kuandika tarehe, yaani historia, ya mji wetu wa Bagamoyo, na alisema haiwezi kutoka katika vinywa vyetu vya barazani, ambavyo kila kukicha vina habari nyingine. Imo masandukuni mwa watu. Tukamwita Bwana Mchwa, naye akacheka pamoja nasi.

Watu hawakumpa kwa urahisi. Mwenye hati ya shamba aliogopa kesi, mwenye wasia aliogopa ndugu zake. Mbaruku alikaa, akanywa kahawa, akawaulizia wagonjwa, akarudi tena na tena mpaka sanduku likafunguliwa. Aliazima, akanakili, akarudisha. Barua ya Bi Mwaija ilimchukua mwaka mzima kuiomba. Ilitoka Tabora, imeandikwa kwa herufi za Kiarabu na baba yake, aliyekwenda bara na msafara wakati Mwaija ni mtoto na asirudi. Kaburi lake halijulikani. Bi Mwaija hakuwa na kitu kingine cha baba yake, na barua ile aliitoa kwa sharti moja tu, kwamba irudi.

Kabla ya kuinakili, Mbaruku alishikwa na kifua, akapelekwa hospitali Dar es Salaam. Hiyo ilikuwa masika ya mwaka arobaini na saba, na ilikwisha yeye yuko huko.

Nyumbani alibaki dada yake Zuleha, mtu wa swala tano, ambaye hakujua kusoma ila Bismillahi aliitambua kwa kuiona. Mchwa wa kweli wakaingia sandukuni. Alipolifungua, vipande vikamwagika sakafuni, na kuku wakavikanyaga. Zuleha aliona Bismillahi chini ya miguu ya kuku, akawafukuza. Kwetu karatasi yenye jina la Mungu ikichakaa haitupwi jalalani, huzikwa mahali pasipokanyagwa. Aliyakusanya makaratasi yote, mazima kwa mabovu, akayafunga vizuri, akayazika kando ya makaburi ya kwao, Kaole. Alirudi ametulia, akamwombea mdogo wake apone.

Mbaruku aliporudi alielezwa hayo kwa furaha. Alisema tu, "Umefanya vyema, dada," kisha akachukua jembe akaenda peke yake. Alifukua tope tu, mvua ilikuwa imeyaozesha makaratasi. Nakala zake zote zilikuwa humo pia, kwa kuwa alinakili kila neno, na Bismillahi hakuiacha. Alilia pale makaburini, na mimi simlaumu. Aliufukia mzigo, akarudi, asimwambie dada yake neno.

Siku chache baadaye Bi Mwaija akaja kumjulia hali. Baada ya pole na kahawa, aliulizia barua yake. Zuleha ndiye aliyejibu, bila wasiwasi, kwamba makaratasi yote ya Kurani ameyazika kwa heshima.

"Ile haikuwa Kurani," Bi Mwaija alisema. "Ilikuwa ya baba."

"Ilianza kwa Bismillahi, mama."

"Barua zetu zote huanza hivyo, dada," Mbaruku alisema taratibu.

Zuleha akakaa chini mkekani. Bi Mwaija aliinuka kwa hasira, akavuta buibui lake, akafika mlangoni. Hapo akasimama.

"Uliifunga kwa nguo gani?"

"Bafta nyeupe, mama, kama ya sanda. Mpya."

"Ukasoma chochote?"

"Nilisoma Fatiha."

Bi Mwaija alirudi akaketi, akalia kama mtu aliyeletewa habari ya msiba siku hiyo hiyo. Kisha akaomba apelekwe Kaole, aonyeshwe mahali, na Mbaruku akampeleka.

Tangu hapo kila Idi, watu wakienda kuzuru makaburi ya wazee wao, naye alikuwa na pa kwenda. Mbaruku alimbebea asumini. Tarehe yake hakuiandika, na lile jina la Bwana Mchwa tuliliacha bila mtu kutuambia. Zuleha, kwa kuona haya, hakwenda nao Kaole hata mara moja.