Moshi wa Bibi na Nyuki wa Minto

Hadi leo nikisikia harufu ya ubani kabla sijanywa chai, kitu cha kwanza kinachonijia si harusi wala maulidi, ni hasira. Najiona nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya nyumba yetu ya kupanga kule Minto, pembezoni mwa Sydney, daftari mapajani, nautazama mplamu uliochanua mpaka matawi hayaonekani, na nyuki hata mmoja simwoni. Ninachokiona ni moshi. Unapanda polepole kutoka kwenye chetezo cha Bibi, unapenya tawi kwa tawi, na Bibi mwenyewe amesimama chini ya mti na kanga zake mbili, koti la baba yangu, na barakoa aliyoishusha kidevuni ili apulize makaa vizuri.

Wakati ule Sydney nzima ilikuwa imefungwa kwa ajili ya korona. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na shule ilikuwa imehamia kwenye meza ya jikoni, ndani ya kompyuta ya kuazima iliyoganda kila mwalimu alipofikia jambo la maana. Mwalimu wa sayansi alitupa kazi moja kubwa ya majira ya machipuko: uchague mti unaochanua, ukae nao dakika ishirini kila siku kuanzia saa tatu asubuhi, kwa siku kumi na tano, uhesabu nyuki wanaotua na uandike kwenye fomu ya shule mtandaoni. Wenzangu wa magorofani walihesabu kwa kuchungulia dirishani. Mimi nilikuwa na mti mzima wa peke yangu, na nilishajigamba. Alama za kazi ile ndizo zingeamua nani aingie darasa la juu la sayansi mwaka unaofuata, na nililitaka darasa lile kuliko kitu chochote. Kwa siku nane mfululizo niliandika sifuri.

Bibi ni mama yake Baba. Alitoka Tanga kuja kututembelea kwa miezi mitatu, mipaka ikafungwa, miezi mitatu ikazidi mwaka na nusu. Kwake yeye nyumba isiyofukizwa asubuhi haijaamka, na msimu ule alikuwa na sababu zaidi, maana Baba alikuwa akisafisha wodi za hospitali zamu ya usiku. Alirudi saa mbili na nusu asubuhi, macho mekundu, na Bibi aliamini moshi unafukuza kila kibaya kinachomfuata mtu kutoka nje. Mwanzoni alifukiza ndani. Kengele ya moshi ya darini ikalia, Mama akapanda kitini na ufagio kuinyamazisha, mara tatu katika wiki moja, na mara ya tatu akamwomba mkwewe, kwa upole uliomgharimu, afukizie nje. Bibi akazunguka uwanja mzima, akapima upepo kwa ncha ya kanga, akagundua kwamba ukisimama chini ya mplamu moshi unaingia wenyewe dirisha la jikoni na kupita vyumba vyote. Hapo akaweka kituo. Baba akishaoga na kujilaza, saa tatu kamili, chetezo kinatoka. Na ile fomu ya shule ilijifunga yenyewe saa tatu na nusu, haikutaka kujua mtu anaishi na nani.

Nilijaribu adabu. Nilimwamkia, nikamweleza kwamba nyuki wanakimbia moshi. Akanijibu kwamba hao ni nyuki waliodeka, wa Tanga wangevumilia, ilhali anajua fika kwamba hata Tanga warina asali huenda na moshi. Siku nyingine uvumilivu ukaniishia nikamwambia kwa Kiingereza aache, ananiharibia kazi yangu yote: "Bibi, seriously, stop it, you're ruining my whole assignment." Bibi, ambaye Kiingereza alikisikia kama mvua juu ya bati, akasema, "Ahsante, mjukuu wangu," akaongeza ubani. Hata jirani yetu Mama Odette, Mrundi aliyehudumia wazee kwenye makao yao, alichungulia juu ya uzio. "Mama, moshi yenu inaingia mu nguo zangu," akasema. "Wazee wananiuliza kama naenda misa kila siku." Bibi akamshukuru naye.

Siku ya nane nilimweleza tena, taratibu, habari za darasa lile na alama zangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Wewe unahesabu wadudu, Zaina," akasema. "Mimi namhesabu mwanangu. Kila asubuhi namhesabu, mmoja." Kisha akarudia kupuliza makaa. Nilitamani kulia kwa hasira.

Jioni ile nikauchukua mfuko wake wa ubani, wa mwisho, maana vifurushi kutoka Tanga vilikuwa havifiki tena, nikauficha chini ya godoro langu. Bibi na mimi tulilala chumba kimoja, kwa hiyo mtu anaweza kupima akili zangu za wakati ule. Asubuhi alifungua kabati, akafungua droo za jikoni, hakumuuliza mtu. Akaja akakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, chetezo tupu miguuni. Na nyuki wakaja. Walikuja mmoja mmoja, kisha nikawasikia kabla ya kuwaona, mvumo mzito uliojaa mti mzima. Walizama ndani ya maua kichwa kwanza wakatoka na miguu iliyovimba kwa chavua ya manjano, wakahamia ua la pili bila kupumzika. Niliandika kumi na wanne. Siku iliyofuata ishirini na watatu. Siku ya tatu bila moshi Bibi alisimama nyuma yangu na tasbihi, akisogeza punje moja kwa kila nyuki, na nilipoandika thelathini akaniambia nimemsahau yule wa juu kabisa, karibu na waya. Nilikereka sana, zaidi kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Siku ya nne Baba akaanza kukohoa. Mama alimpeleka kupimwa, wakarudi, akafungiwa chumbani kusubiri majibu, sahani yake ikawekwa chini mlangoni. Tulimsikia akikohoa kutoka kila pembe ya nyumba. Nilikwenda kukaa kwenye ndoo yangu saa tatu, nyuki walikuwa wengi kuliko siku zote, na nilishindwa kuhesabu. Nilikuwa na hakika kwamba nimemuua baba yangu kwa ajili ya alama. Bibi hakumlaumu mtu. Siku ya pili ya kungoja sikuweza tena. Nikautoa mfuko chini ya godoro nikamwekea mapajani.

"Najua ulipokuwa," akasema. "Nimelala hatua mbili na huo mfuko, na pua yangu bado nzima."

Nikamuuliza kwa nini basi hakuuchukua. Akawa anafunga na kufungua fundo la mfuko. "Ulilitaka lile darasa," akasema. "Nikasema siku chache tu, Mungu ataniangalizia mwanangu." Nikaelewa kwamba asubuhi zile zote nilizohesabu nyuki, hata aliposimama nyuma yangu na tasbihi, alikuwa amejaa hofu.

Mchana ujumbe ukaingia kwenye simu: Baba hakuwa na korona. Daktari alimwambia kwa simu kwamba ni mzio wa chavua, watu wengi huupata majira yale. Chavua! Siku mbili za kufa na kufufuka, kumbe ni maua. Kesho yake Bibi alitoka na chetezo chake saa nne, fomu yangu ikiwa imeshafungwa na nyuki wangu wameshaandikwa. Hiyo saa nne ilikuwepo siku zote, na katika nyumba nzima hakuna aliyeifikiria.

Niliingia darasa lile. Mwalimu aliuliza swali moja tu, nini kilibadilika siku ya tisa, nami nikaandika upepo. Sasa nasomea uuguzi, na siku za mafunzo navaa barakoa katika wodi zinazofanana na zile alizokuwa akisafisha Baba. Mji umefunguka, nguo za Mama Odette zinanukia sabuni tu, na Bibi alirudi Tanga kwa ndege za mwanzo zilizopatikana. Kila Septemba, machipuko yanapoanza huku, hupiga simu asubuhi, daima ninapochelewa treni, kuuliza kama nyuki wamefika. Hakubali jibu la kukisia. Nalalamika, naweka begi chini, natoka nyuma kuwahesabu. Nikimtajia idadi huuliza kama baba yangu anakohoa.