Wino wa Kombe kwenye Mkebe wa Jometri

Nyumba yetu ya Gazi ilinukia zafarani iliyorowekwa katika marashi ya waridi, kwa maana baba yangu, mwalimu wa chuo cha Kurani, ndiye aliyewaandikia wagonjwa kombe: aya za Kurani juu ya sahani nyeupe, kisha zikaoshwa kwa maji, na mgonjwa akayanywa. Katika likizo moja ya mwishoni mwa miaka ya tisini, nikiwa darasa la sita, alikuja kijijini mtafiti wa mikoko kutoka bara, Bwana Mutua, akitafuta mtoto mmoja wa kufuatana naye mashuani wiki nzima amchoree mikoko. Sharti lake lilikuwa kwamba vifaa vyote vienee katika kitu kimoja cha kushika mkononi. Sikuwahi kutaka jambo kama nilivyoitaka nafasi ile.

Nikatoa bikari na rula katika mkebe wangu wa jometri. Shangazi, aliyefanya kazi hotelini Diani, alikuwa ameniletea vidonge vinane vya rangi za maji vilivyoachwa na mgeni. Mkebe ulipokea vinne. Asubuhi nzima nilivipanga na kuvipangua. Buluu nilidhani ni lazima, maana tuko pwani, lakini nilipoyatazama matope ya mikoko sikuiona buluu hata chembe. Nikaitoa, nikairudisha, nikaitoa tena. Kalamu ya dukani ilivuja madoa. Kalamu ya mwanzi ya baba ilienea vizuri, ila wino wake ulikuwa wa namna mbili, mweusi wa masizi na ule wa zafarani. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nami niliuliza.

“Baba, wino mzuri ni upi?”

“Ni ule usiobishana na maji, mwanangu. Ukiuambia toka, watoka.”

Nikachukua wa zafarani.

Ufukweni, mbele ya Bwana Mutua, nilichora mzizi mmoja mmoja wa mkoko, kwa subira niliyofundishwa chuoni. Nilipopitisha brashi yenye kijani, mizizi yote ikayeyuka. Bwana Mutua aliinama, akacheka. “Sasa msichana, hii mti yako imehama? Mizizi imeenda wapi?” Nilikishika kikombe alichoniazima cha kuoshea brashi, maji yamegeuka manjano. Kwetu maji ya wino ule hayamwagwi ovyo. Lakini sikuwa nimeandika aya, nilichora mizizi tu. Je, yalikuwa kombe au uchafu? Nikayanywa.

“Wee! Hiyo ni rangi!” Alinipokonya kikombe, akanirudisha kwa baba, na mashuani akamchukua jirani yetu Rashidi.

Baba alikisikiliza kisa chote, hakunikemea. “Ungeniambia ni wa kuchorea,” alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

Leo nafundisha uchoraji Ukunda, na wino ninaonunua hata mvua haiufuti. Michoro yangu imo kabatini, kila mzizi mahali pake, ilhali mingi ya miti yenyewe imekwisha kukatwa ikawa boriti na makaa. Baba ameshafariki, hakuna herufi hata moja ya kombe lake ninayoweza kumwonyesha mtu. Hata hivyo, nikienda Gazi, wanawake watu wazima hunishika mkono wakaniambia walipona kwa maandishi yake, kisha huniuliza mimi nafanya kazi gani. Nachora mikoko, huwajibu. Nao hugeuka kuutazama ufuko, wakauliza kwa upole, “Ipi, mwanangu?”