Chuma Nilichopokea Lusangi

Kama unataka kunicheka, nicheke sasa umalize. Mimi nilikuwa wa kwanza kuwacheka wasimulizi wa mizimu, mpaka yaliponikuta mwenyewe, mchana kweupe, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe.

Nakaa Kabambare. Nina gari kuukuu la dizeli ninalolitengeneza mwenyewe uani, kwa ukaidi wangu tu, maana fundi simwamini. Mwezi ule mke wangu Zaina alikuwa na mimba ya miezi tisa. Uzazi wa kwanza alipasuliwa, na daktari alisema wa pili asithubutu kuzalia nyumbani, lazima afike hospitali Kasongo. Kwa pikipiki, kwenye mashimo yale? Angenifia njiani. Nami injini nilikuwa nimeifungua, kichwa chake kiko juu ya gunia, na springi za valvu zimenishinda. Bila kifaa cha kuzikandamiza hazirudi mahali pake. Nilijaribu spana, nikajaribu mti, springi moja ikaruka ikanipiga shavuni. Zaina alinitazama tu, mkono tumboni. Niliona aibu, acha.

Nikapanda pikipiki hadi Lusangi, kwa wafua chuma wanaowatengenezea wachimbaji sululu. Kibanda cha kwanza kilikuwa kando ya barabara, mzee ameinama motoni. Nikamsalimu. Hakuinua uso.

"Resori ya supape," akasema. "Ngoja kidogo."

Ndizo springi za valvu kwa Kifaransa, na wallahi, sikuwa nimemweleza shida yangu. Wala sikuwa na kipimo. Akapinda nondo, akaitoboa, akaifunga bolti. Ndipo nikaona mivukuto ya moto inapanda na kushuka, na hakuna mtu aliyeishika. Ungefanya nini wewe? Miguu ilitaka kukimbia, lakini nilimkumbuka Zaina, nikabaki.

Kwetu chuma kikitoka kwa mfua chuma huwekwa chini kwanza, nawe ukakiokota mwenyewe. Hakipokelewi mkono kwa mkono, hata mtoto anajua. Yule mzee akaninyooshea, chuma kingali chekundu.

"Kamata, baba. Bibi yako alishaanza uchungu."

Nikasahau desturi, nikapokea. Niamini, hakikuniunguza. Kilikuwa baridi kama maji ya kisima.

Nilipofika nyumbani, kweli, uchungu ulikuwa umeanza. Kifaa kikaingia sawasawa, springi zote zikatii. Magharibi injini ikanguruma, alfajiri tukawa Kasongo, binti yetu akazaliwa mzima na mama yake mzima. Namshukuru Mungu, hilo silifichi.

Wiki ya pili nikarudi Lusangi na kuku wa shukrani. Nikakuta nguzo mbili na majani. Mama aliyekuwa akilima mhogo karibu akaacha jembe.

"Ule mufua-chuma? Tulimuzika zamani, baba. Hapa moto haiko tena."

Tangu siku ile kiganja changu cha kulia hakisikii joto. Nimeungua kwenye bomba la moshi nikajua kwa harufu ya nyama yangu. Lakini hilo navumilia. Linaloniumiza ni mtoto. Akilala kifuani pangu, nikimgusa mgongo kwa mkono ule, namsikia baridi kama maiti, na kila mara ninamwamsha nione kama anapumua. Mama yake hukasirika. Sijamwambia sababu.

Basi wewe unayetafuta kifaa, ukikuta moto unaovuviwa bila mtu, usinyooshe mkono. Mwambie mfua chuma akiweke chini, ungoje, hata kama nyumbani kuna mtu anakufa. Mimi nilishindwa kungoja.