Jina la Kabagwira

Usumani, fundi cherehani wa mtaa wa Biryogo, Kigali, hakuwahi kununua kitu kwa bei ya kwanza. Hata mahari ya mkewe aliishusha. Kwa hiyo mwaka 1991, binti yake Ingabire alipofanya mtihani wa kuingia sekondari, mwalimu wake akaapa kwamba hakuna aliyemzidi darasani, na bado nafasi wakapewa wengine, Usumani hakulia. Alijua tatizo liko wapi. Kwenye fishi, fomu ya kujiandikisha mtihani, kulikuwa na mahali pa kuandika kabila na mkoa, na iringaniza, sheria ya kugawa viti vya shule kwa mafungu, iliwaachia Watutsi kama yeye kipande cha leso. Akaenda kutafuta penye kitambaa.

Évode, mkuu wa shule ya msingi ambayo Usumani aliishonea sare miaka kumi, alikuwa Mhutu wa Ruhengeri, mkoa wa kaskazini uliopata viti vingi. Binti yake Kabagwira alikuwa ameacha masomo na kurudi huko kwa bibi yake. Wakakubaliana: Ingabire arudie darasa shuleni kwake, kisha afanye mtihani kwa jina la Kabagwira. Évode alitaka suti mbili. Usumani akamshusha hadi moja, ya kijivu, na kizibao chake.

"Wewe Fundi, hata Mungu utamnyima nyongeza."

"Mungu havai suti, Mwalimu. Simama wima nikupime."

Fishi zikajazwa Januari 1992. Mwezi wa nne ikaja serikali ya vyama vingi, na haukupita muda redio ikatangaza: iringaniza imekwisha, mtoto ataingia sekondari kwa alama zake. Usumani aliacha nguo chini ya sindano, akaenda shuleni na ndara miguuni.

"Mwalimu, rudisha jina la mtoto wangu."

"Umechelewa, ndugu yangu. Fishi iko wizara. Ukiigusa sasa tutafungwa sisi wote wawili. Wacha apite kwanza, jina tutarekebisha."

Usumani akaamini. Alijua kukadiria bei ya kila kitu, ila alidhani mtu aliyekubali bei amekwisha kupata alichotaka.

Ingabire akafanya mtihani. Matokeo yalipobandikwa, jina la Kabagwira lilikuwamo: lise, sekondari ya wasichana, hapa hapa Kigali. Usumani alinunua kilo mbili za nyama. Siku ya tatu Évode akapanda barazani na suti yake ya kijivu, nyuma yake msichana mrefu.

"Fundi, mpime huyu. Sketi ya bluu, shati jeupe."

"Huyu nani?"

"Kabagwira. Si uliona jina lake ukutani?"

Usumani akashusha sauti. "Mwalimu, tulipatana."

"Nenda kashitaki basi. Waambie binti yako alikaa kwenye mtihani kwa jina la nani."

Msichana alikuwa akitazama viatu vyake. Usumani akakunja futi, akaitia mfukoni.

"Hapa hatushoni."

Walipoondoka, Mukantwari, jirani muuza maziwa, akasema kutoka kwenye kigoda chake: "Kwani ulimwomba lini akurudishie jina? Mimi mwezi wa tano kijana wangu alikuwa ameandikwa mkoa si wake. Évode huyo huyo alifungua kabati, akafuta kwa kalamu. Hata chai sikuimaliza."

Kumbe Usumani alipoambiwa ziko wizara, fishi hazikuwa zimetoka shuleni. Usumani alirudi kwenye cherehani, akakanyaga kidogo, uzi ukakatika.

Ingabire alikuwa nyuma ya pazia, amesikia yote.

"Baba, nilisoma mimi. Wewe umempa alama zangu, na suti juu yake."

Usumani akaanza kutia uzi upya kwenye sindano.

Septemba alimpeleka shule nyingine, arudie darasa mara ya pili. Karani akatoa fishi mpya, akauliza jina la mtoto. Usumani akafungua kinywa. Ingabire akanyoosha mkono, akachukua kalamu na kuandika jina lake mwenyewe, na baba yake akasimama nyuma ya bega lake akisoma herufi moja moja.