Siku Niliyompa Breki Ushindi

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, jua la saa tisa likiwaka juu ya mabati ya ukumbi wa wafanyakazi wa reli pale Nakuru, nami nimekaa kando ya ulingo na penseli mkononi, mtu wa maana kweli kweli. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Koti lilikuwa la kuazima na viatu vilinibana hata nikakunja vidole, lakini kichwa kilikuwa juu. Siku ile nilifanya kosa ambalo sijalisahau mpaka leo. Nataka nikusimulie nikiwa bado na pumzi, kwa sababu nakuona una moyo mwepesi wa kupenda watu, na kosa lenyewe ni la watu wa namna yetu.

Miaka ya hamsini ilikuwa inaelekea mwisho. Hali ya Hatari ya serikali ya kikoloni ilikuwa haijaondolewa, mambo ya kufurahisha yalikuwa machache, na ndondi ilikuwa mojawapo. Katika ndondi, Nakuru nzima ilikuwa na jina moja: Breki. Kanisani alijulikana kama Elifasi Wafula, lakini sisi tulimwita Breki kwa sababu akikugusa na mkono wake wa kulia unasimama hapo hapo, huendi mbele wala nyuma. Alikuwa faiaman wa gari la moshi, yule anayekaa na dereva kwenye injini, akachunga moto na kumsaidia kutazama signali njiani. Kwa miaka saba hakuna mtu wa uzito wake, kutoka Naivasha mpaka Eldoret, aliyemshinda.

Kwangu mimi alikuwa zaidi ya bingwa. Nilipofika mjini kutafuta kazi, sina ndugu wala jamaa, yeye ndiye aliyenikuta nimekaa stesheni na kisanduku changu, akanipeleka kwake. Nililala jikoni mwao miezi minane. Mkewe, Mama Rebeka, alinipakulia chakula kabla ya watoto wake mwenyewe. Baadaye nikapata ukarani katika shedi ya mizigo, nikapanga chumba changu, lakini kila Jumapili nilikuwa mezani kwao.

Basi jaji mmoja wa ndondi akaugua, na wasimamizi wakatafuta mtu anayejua kuandika na kujumlisha. Wakaniita mimi. Ningekuwa na akili ningesema, "Hapana, Breki ni kama baba yangu, tafuteni mwingine." Lakini kiti cha mbele kabisa, tena cha bure? Nilikubali kabla hawajamaliza kuniuliza.

Aliyekuja kupigana na Breki alikuwa kijana wa Ndabibi, upande wa Naivasha, Joeli Tonui, mkamuaji wa ng'ombe kwenye shamba la Mzungu mmoja. Alikuwa na mikono mirefu na maneno machache, na kaptura yake kubwa aliifunga kwa kamba. Watu wa reli walimcheka alipopanda ulingoni. Mmoja akapaza sauti, "Wewe, ng'ombe umemwachia nani?"

"Ndugu yangu anamkamua," Joeli akajibu kwa upole, na watu wakacheka zaidi.

Pambano lilikuwa la raundi tatu. Kazi yangu ilikuwa kuchora kwenye kikaratasi kijiti kimoja cha penseli kila ngumi safi inapofika, upande wa Breki au upande wa Joeli, na mwisho niandike jina la mshindi kwenye kadi ya refa. Raundi ya kwanza Breki aliichukua kwa ujanja wake wa siku zote. Ya pili mambo yakageuka. Joeli alianza kurusha mkono wa kulia, na kila akiurusha unafika, pale pale, upande wa kushoto wa uso wa Breki. Kupigwa si ajabu, kila mpiganaji hupigwa. Kilichonishangaza ni kwamba Breki hakujaribu kukwepa. Hata kope hazikucheza. Nililiona hilo vizuri kabisa, nikiwa hatua nne tu kutoka pale, nikachora vijiti vyangu na kunyamaza.

Kengele ya mwisho ilipolia nikahesabu. Breki kumi na tisa, Joeli thelathini na moja. Hapakuwa na la kubishania. Kisha nikainua macho nikamwona Breki amekaa kwenye kigoda chake, anahema, kifua kinapanda na kushuka, na mvi kichwani ambazo sikuwa nimeziona kamwe. Mama Rebeka alisimama nyuma ya kamba ameshika taulo. Moyo ukanikataa. Nikajiambia, mimi sitamvua mtu huyu ubingwa wake, mtu niliyelala jikoni mwake. Kikaratasi cha vijiti nikakitia mfukoni, na kwenye kadi ya refa nikaandika: Breki.

Majaji tulikuwa watatu. Mwalimu mmoja alimpa Joeli. Fundi cherehani wa Kihindi, aliyekaa upande ule mwingine wa ulingo ambako ngumi nyingi za Joeli hazikuonekana, alimpa Breki. Kwa hiyo kadi yangu ndiyo iliyoamua. Refa alipouinua mkono wa Breki, nusu ya ukumbi ilishangilia na nusu ikazomea. Hata baadhi ya watu wetu wa reli walitazama chini. Joeli alinitazama mara moja tu, bila hasira, uso wa mtu anayeuliza swali, kisha akavua glavu na kuondoka kuwahi gari la moshi.

Kesho yake, Jumapili, nilikwenda kwa Breki kama kawaida. Uso ulikuwa umevimba lakini furaha ilikuwa imemjaa. Akatuonyesha kwa mikono jinsi alivyomzungusha yule kijana raundi ya kwanza. Kisha akatoa habari yake.

"Nimekubali kupigana na yule mwanajeshi wa kambi ya Lanet. Baada ya wiki tano."

Nikaweka andazi chini. Mwanajeshi huyo alikuwa ameshamvunja mtu taya. "Baba Rebeka," nikasema, "si ungepumzika kwanza?"

"Nipumzike nini? Si wewe mwenyewe uliniandika mshindi?" Akacheka, akashika birika aniongezee chai. Kikombe changu kilikuwa kushoto kwake. Alimimina chai kando ya kikombe, juu ya kitambaa, ikatiririka mpaka kwenye suruali yangu, na yeye anaendelea kuongea.

"Meza hii imepinda," Mama Rebeka akasema haraka, akipangusa.

Alinisindikiza nje, na tulipofika kwenye mfereji wa maji akasimama. Sijawahi kusahau maneno yake.

"Zakaria, meza haijapinda. Jicho lake la kushoto halioni tangu Pasaka. Anaficha, maana faiaman asiyeona hana kazi. Jumamosi nilikuwa naomba Mungu apigwe. Ndiyo, mume wangu mwenyewe, naomba ashindwe, ili akubali na arudi nyumbani akiwa mzima. Na Mungu alinisikia. Halafu wewe, mtoto wangu, ukaandika nini?"

Nilikosa pa kuweka uso. Siku tatu nzima sikuwaza kingine. Nililiona wazi litakalotokea Lanet: mwanajeshi atampiga upande ule asiouona mpaka jicho la pili liharibike, au mpaka asiinuke tena. Na atakuwa amepanda ulingoni kwa sababu ya mwandiko wangu.

Siku ya nne nilipotoka kazini nilimfuata nyuma ya karakana ya injini, mahali alipokuwa akipiga gunia la maranda ya mbao. Nikamwambia kila kitu, na kile kikaratasi nikampa. Alikishika karibu na uso, akahesabu vijiti kimoja kimoja kwa kidole.

"Ulikosea kuhesabu," akasema.

"Sikukosea, Baba Rebeka."

Alikitazama tena kikaratasi. Kisha akanishika bega, akanisimamisha kushoto kwake, yeye akitazama mbele. "Sasa inua mkono."

"Nimeshauinua."

Polepole akageuza kichwa chote, akauona mkono wangu, karibu kabisa na sikio lake. Nikamwona akiumia kuliko alivyoumia ulingoni, nikaanza kulia mtu mzima mimi.

"Usinililie," akasema. "Mimi nilikuwa na jicho moja. Nikajiambia, la pili ni Zakaria, kijana wangu, amekaa pale mbele. Na wewe ukalifumba. Ungeniandika nimeshindwa, ningekukasirikia wiki moja, mbili, yakaisha. Lakini hii huruma yako ingenizika." Alikunja kikaratasi, akaanza kuondoka, kisha akarudi. "Na yule kijana wa Ndabibi? Yeye hana mtu wa kumhurumia?"

Mwanangu, hilo la mwisho sikuwa nimeliwaza hata kidogo. Katika mapenzi yangu yote, Joeli hakuwa mtu, alikuwa kizuizi tu.

Jumapili iliyofuata Breki alinichukua. Tulipanda gari la moshi mpaka Naivasha, tukaomba lifti kwenye lori la shamba lililobeba mikebe mitupu ya maziwa, tukafika Ndabibi saa ya kukamua. Joeli alikuwa chini ya ng'ombe mweusi. Alituona, akashtuka, lakini hakuinuka.

"Ngojeni kidogo, wazee. Huyu ukimwachia katikati anapiga teke."

Basi tukangoja, bingwa na karani, tumesimama kwenye matope mpaka ndoo ikajaa. Halafu Breki akanisukuma mbele. "Sema. Sema wenzake wasikie."

Nikasema, mbele ya wakamuaji wote na watoto wao: vijiti thelathini na moja kwa kumi na tisa, na nikaandika uongo. Nilitegemea matusi. Joeli alifuta mikono kwenye kaptura ile ile, akasema taratibu, "Mimi nilidhani sijui kupigana. Nilirudi hapa nikachoma kamba yangu ya mazoezi. Nikajiambia, kama zile hazikuwa ngumi, basi mimi ngumi sizijui."

Heri angenipiga kofi. Breki alifungua mfuko wake, akatoa kikombe cha ubingwa na kumkabidhi. "Hiki ni chako tangu Jumamosi ile. Na nina mwanajeshi anayeningoja Lanet. Nenda wewe. Mimi nitakaa kwenye kona yako, nikufundishe yale ambayo mikono yangu bado inayakumbuka."

Wiki hiyo hiyo alikwenda mwenyewe kwa wakubwa wake wa kazi akawaambia habari ya jicho. Walimtoa kwenye injini, wakampa kazi ya kutoa vyombo stoo ya karakana. Siku ya kwanza aliyoisikia injini yake ikipiga honi na kuondoka bila yeye alilia, sikufichi. Lakini daktari alimwambia jicho la kulia ni zima, alitunze. Mama Rebeka alianza kuimba tena akifua nguo. Ni mimi peke yangu ambaye sikuitwa mezani. Nilipika ugali wangu kila Jumapili nikaula peke yangu, na ulikuwa mbichi.

Siku ya Lanet nilisimama katika umati. Safari hii hakuna aliyenitafuta kuwa jaji! Joeli alipigana vizuri ajabu. Breki alimwelekeza kwa sauti, na kijana akafuata kila neno. Lakini mwanajeshi naye alikuwa mtu. Raundi ya tatu alimpita kidogo, na majaji wakampa mwanajeshi.

Watu wa reli wakaruka. "Wizi! Wametuibia!" Mmoja akaanza kuivuta kamba ya ulingo. Ndipo Breki alipogeuza kichwa chote, namna aliyokuwa akigeuza siku hizo, akanitafuta mpaka akaniona.

"Zakaria!" akaita, na watu wakanyamaza. "Wewe ungempa nani?"

Macho yote yakanigeukia. Rafiki zangu wote walikuwa pale, wameshakunja ngumi, wanangoja jina moja tu. Na Joeli alikuwa ananitazama, mdomo umepasuka, uso ule ule wa mtu anayeuliza swali. Nikasema.

"Mwanajeshi."

"Kwa vijiti vingapi?"

"Vinne."

Breki akatikisa kichwa kukubali, tabasamu likamjia pole pole. "Hata mimi kwa jicho moja nimeona vinne. Joeli, umesikia? Vinne tu! Hivyo tunavitafuta." Joeli akacheka na mdomo wake uliopasuka, akaenda kumshika mwanajeshi mkono. Mwaka uliofuata alimshinda, na hakuna aliyezomea. Lakini kabla hatujaondoka Lanet siku ile, Breki alipita karibu nami akasema bila kusimama, "Jumapili njoo ule."

Nilikula, mwanangu. Kikombe changu Mama Rebeka alikiweka kulia kwa mumewe, na hakuna tone lililomwagika.

Sasa sikiliza, ndipo nilipokuwa nakupeleka. Siku itafika utakapokaa kwenye kiti kama kile changu. Labda utasahihisha mtihani wa mtoto wa rafiki yako. Labda baba yako atataka funguo za gari na wewe umemwona juzi akiikwaruza geti aliyoifungua kwa miaka thelathini. Ukiweza kukikataa kiti, kikatae mapema, usitamani kukaa mbele kama mimi. Usipoweza, sema ulichokiona. Kiseme kwa upole, kwa heshima, ukiwa umemshika mkono, lakini kiseme, kwa sababu huyo unayempenda atapanga kesho yake kwa neno lako. Na mtazame yule wa upande wa pili, usiyemjua jina, maana kila zawadi ya uongo unayotoa umeichukua mfukoni mwa mtu. Na ukishakosea, usife moyo. Panda gari la moshi, simama kwenye matope, ngoja ng'ombe akamuliwe, useme. Mlango hufunguliwa tena, mimi ni shahidi.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe macho mazuri mpaka uzeeni, na pale yatakapochoka, akupe mtu mkweli wa kusimama upande usiouona.