Barakoa ya Mpamba Keki

Mpamba keki wa duka letu la mikate havui barakoa, hata joto la tanuri likitutoa jasho sote. Wateja husifu usafi wake. Sisi tunaofanya naye kazi tunajua kwamba daktari amemwambia apunguze mwili, ila kidole chake, kilichozoea kulamba krimu kwa miaka ishirini, habari hizo hazijakifikia. Kila akimaliza kuchora ua, kidole hupanda chenyewe mdomoni na kugonga kitambaa. "Shika adabu!" hukikemea, kisha huanza ua la pili.

Jana wifi yake alinunua kipande cha keki, akamsogezea puani. "Kula, wifi. Kimoja hakinenepeshi. Kwani unadhani utaweza? Mwezi hauishi utakuwa unalamba sufuria."

Akaivua ile barakoa. Nikajua leo yamekwisha. Kipande hakukigusa. Aliinyoosha barakoa mbele ya macho ya wifi yake, imejaa madoa ya krimu.

"Hesabu," alisema. "Tangu asubuhi mkono umenishinda mara kumi na moja. Mdomo bado."