Tundu la Chewa

Mimi naendesha boti. Mwenzangu mzamiaji huwashusha wageni chini ya maji, kwenye ukuta wa matumbawe. Kabla ya kuzama hukitemea mate kioo cha miwani yake ya kuzamia, akakisugua kwa kidole gumba kisifanye ukungu, kisha huwaahidi kumwona chewa, samaki mkubwa anayeishi tunduni. Huko chini hulimulika tundu lile kwa tochi. Wakipanda, yeye hupangusa macho yake na kuuliza, "Mmemwona?" Wote hudakia, "Tumemwona!" na kusimuliana hadi upana wa mdomo wake.

Jana mama mmoja wa makamo alisema, "Mimi sijaona kitu, kaka. Tundu ni tupu, na ukuta wote mweupe kama mifupa." Nilidhani mwenzangu atakasirika. Aliushika mkono wa yule mama kwa viganja vilivyokunjamana kwa maji, asiuachie.

"Asante, dada," alisema. "Kumbe si macho yangu yaliyofifia."